Kumfundisha Mtoto Aljebra Nyumbani: Hatua kwa Hatua Hadi Ajiamini

Mtoto anayesomea nyumbani anaweza kwenda vizuri na hesabu kwa miaka, mpaka siku herufi inapoingia katikati ya namba. Tangu hapo, yule aliyekuwa akimaliza zoezi peke yake anaanza kukugeukia kila baada ya mstari: "Ni sawa hivi?" Anaandika kidogo, anafuta, anakutazama usoni kabla hajaendelea.

Swali hilo lisikilize vizuri. Mtoto huyo hajapungukiwa na akili. Alichokosa ni njia ya kujua mwenyewe kama amepata au amekosa, kwa hiyo anausoma uso wako badala ya kuusoma mlinganyo. Ukimsifu atafurahi kwa dakika tano, kisha swali lijalo litamrudisha palepale. Akiwa na uwezo wa kulihakiki jibu lake bila kukuuliza, woga unaondoka wenyewe. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko, na mzazi ambaye hakuwahi kuipenda hisabati anaweza kuzifuata.

Hatua ya 1: Pima msingi kabla ya kufungua kitabu cha aljebra

Mara nyingi mtoto anayeonekana kushindwa aljebra ameshindwa na kitu kilichotangulia. Mpe karatasi yenye maswali haya, bila saa na bila kikokotoo:

- 8 + 4 = ☐ + 5
- 10 − 3 + 2
- 3 − 8, kisha −4 − 6, kisha −3 × −5
- 2/3 + 1/4, kisha nusu ya 3/5
- 7 × 8, kisha 56 ÷ 7

Majibu ni 7, 9, −5, −10 na 15, 11/12 na 3/10, 56 na 8. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu. Keti naye, umwombe akueleze alivyofikiri katika kila swali, hata yale aliyoyapata.

Swali la pili linafichua jambo ambalo wazazi wengi hawalitegemei. Mtoto aliyekariri MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) anaweza kujibu 5, kwa sababu anaona JU imetangulia TO, hivyo anajumlisha 3 na 2 kwanza. Mwambie wazi kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja: unafanya kinachotangulia, kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.

Hesabu za sehemu, kama 2/3 + 1/4, zikiwa dhaifu, simamisha safari kwa wiki chache mzirekebishe. Wiki hizo hazipotei, maana aljebra imejaa sehemu, na mtoto anayeziogopa ataiogopa milinganyo bila kujua kwa nini. Jedwali la kuzidisha nalo linahitaji kukaa kichwani, kwani anayehesabu vidole kutafuta 7 × 8 husahau alikuwa anatafuta nini. Namba hasi zinaweza kukomaa njiani, msizisubirie.

Hatua ya 2: Irudishie alama ya sawasawa maana yake

Hapa usiharakishe hata kidogo. Watoto wengi hujibu lile swali la kwanza kwa kuandika 12 ndani ya kisanduku, na wengine 17. Si uzembe. Kwa miaka yote wameona 5 + 3 = na nafasi ya kujaza, na kikokotoo kinafanya hivyohivyo: ukibonyeza alama ile, jibu linatokea. Wamejifunza kwamba = ni amri ya kutoa jibu. Mtoto mwenye imani hiyo akikutana na 7x − 4 = 3x + 12 anakwama kwa haki kabisa, kwa sababu kwake huo mstari hausemi kitu.

Msimulie kwamba alama hii ilitungwa na mtu. Mwaka 1557 Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales, alichoka kurudiarudia maneno ya "ni sawa na", akachagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Watoto hulikumbuka jambo hilo kwa sababu alama inaacha kuwa kitu kilichoanguka tu kitabuni.

Kisha mpe sentensi za kuhukumu, kweli au si kweli:

9 = 9
9 = 4 + 5
6 + 3 = 5 + 4
7 + 2 = 9 + 1

Baadhi ya watoto huikataa 9 = 4 + 5 kwa sababu "imeandikwa kinyume". Waache wajitetee, msikilizane. Baada ya hapo mpe zile ambazo anaweza kuzijibu bila kukokotoa pande zote mbili: 48 + 27 = 50 + ☐, au 37 + 56 = 39 + ☐. Akisema, "Huku imeongezeka mbili, kwa hiyo kule lazima ipungue mbili, ni 54," ameshaanza aljebra hata kama hajaona x.

Wewe pia uchunge mkono wako. Tabia ya kuandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16 ni ya kawaida tunapohesabu haraka, lakini mstari huo unadai kwamba 5 + 3 ni sawa na 16. Andika hesabu hizo katika mistari miwili tofauti, kila mara.

Hatua ya 3: Herufi ni namba

Anza na mchezo. Mwambie afikirie namba yoyote, aizidishe kwa 2, ajumlishe 10, agawanye kwa 2, kisha atoe ile namba aliyoifikiria. Mwambie amepata 5. Arudie kwa namba nyingine, kubwa, hata hasi. Atapata 5 daima, na atataka kujua kwa nini.

Sasa chora kisanduku kuwakilisha namba aliyoificha. Kuzidisha kwa 2 kunatoa visanduku viwili. Kujumlisha 10 kunatoa visanduku viwili na 10. Kugawanya kwa 2 kunaacha kisanduku kimoja na 5. Ukitoa namba ya mwanzo, kisanduku kinaondoka na 5 inabaki. Andika n badala ya kisanduku, basi. Herufi imeingia kwa sababu kulikuwa na kitu cha kueleza ambacho namba moja isingeweza kukieleza.

Kuna mtego mmoja wa kuukwepa mapema. Vitabu vingine hufundisha kwamba 3k ni "kalamu tatu". Inarahisisha somo la siku hiyo na kuharibu masomo yanayofuata, kwa sababu k inapaswa kuwa namba: bei ya kalamu moja, au idadi ya kalamu. Jaribu swali hili hata wewe mwenyewe: mahali fulani wanafunzi ni mara sita ya walimu. Andika mlinganyo ukitumia n kwa idadi ya wanafunzi na m kwa idadi ya walimu. Wengi huandika 6n = m, hata watu waliofika chuo kikuu, kwa sababu wanaisoma kama "wanafunzi sita kwa mwalimu mmoja". Weka namba: walimu wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Je, 6 × 60 ni 10? Hapana. Mlinganyo sahihi ni n = 6m.

Taratibu za uandishi zipitie haraka: 3x ni 3 mara x, hivyo x ikiwa 4 jibu ni 12, wala si 34, x peke yake ni 1x. Akikuandikia 2x + 3 = 5x, usimwambie "huwezi kujumlisha vitu tofauti". Mwambie ajaribu x ikiwa 10. Upande mmoja 23, upande mwingine 50. Ameona mwenyewe.

Hatua ya 4: Kichwani kwanza, kisha kwa mistari

Mpe 3x + 5 = 20 kabla hujamfundisha njia yoyote. Funika 3x kwa kidole umuulize, "Kitu gani ukijumlisha 5 unapata 20?" Atasema 15. Ondoa kidole: "Basi tatu mara ngapi ni 15?" Ametatua mlinganyo kwa akili yake.

Fanyeni milinganyo mingi ya namna hiyo, halafu mpe 7x − 4 = 3x + 12. Kidole hakitasaidia tena, kwani x iko pande zote mbili. Sasa anaihitaji njia, na njia inayokuja wakati inahitajika hupokelewa vizuri zaidi. Hapa mfano wa mizani unafaa: pande mbili zina uzito mmoja, na ukiondoa kitu upande huu lazima uondoe kilekile upande ule. Msitegemee mfano huo kwa muda mrefu, maana ukifika kwenye namba hasi utakwama, hakuna mzigo wenye uzito wa hasi nne.

Mwanzoni aandike kila kitu, hata kinachoonekana dhahiri:

7x − 4 = 3x + 12
7x − 3x − 4 = 3x − 3x + 12
4x − 4 = 12
4x − 4 + 4 = 12 + 4
4x = 16
x = 4

Alama za sawasawa zisimame moja chini ya nyingine.

Sasa neno juu ya ile kanuni tuliyofundishwa wengi wetu, "ikivuka upande inabadilika alama". Ushauri wangu ni kuiacha kabisa katika miezi ya mwanzo. Mtoto anayeitegemea akiona 3x = 12 huandika x = 12 − 3, au hugawanya kwa −3, kwa sababu kanuni imemwambia tatu ikivuka ibadilike. Hana namna ya kujua kwamba hii tatu inazidisha na ile nyingine ilikuwa inajumlishwa. "Nimefanya nini pande zote mbili?" ni swali refu kidogo, lakini halimdanganyi.

Hatua ya 5: Kuhakiki jibu kuwe sehemu ya swali

Kama una nguvu ya kusimamia jambo moja tu katika mwongozo huu, simamia hili. Swali halijaisha mpaka jibu limerudishwa katika mlinganyo wa mwanzo na pande mbili zimekubaliana. Kwa swali lililopita: 7 × 4 − 4 ni 24, 3 × 4 + 12 ni 24. Basi.

Siku za mwanzo mtoto ataona ni kazi ya ziada. Thamani yake inaonekana siku anapokosa. Tazama mazungumzo haya juu ya 5 − 2(x − 3) = 1:

"Mama, nimepata x ni hasi moja. Ni sawa?"

"Iweke mahali pa x tuone, mwanangu."

"Hasi moja toa tatu ni hasi nne. Mbili mara hasi nne ni hasi nane. Tano toa hasi nane… kumi na tatu."

"Na upande wa pili kuna ngapi?"

"Moja. Haikubali."

"Haya, tutafute mstari ulioharibika."

Mama hajasema umekosa; mlinganyo ndio umesema. Kisha anamfundisha kumtafuta mkosaji. Mtoto aliandika mistari hii:

5 − 2(x − 3) = 1
5 − 2x − 6 = 1
−1 − 2x = 1
x = −1

Chagua namba yoyote rahisi, tuseme 4, uiweke katika upande wa kushoto wa mstari wa kwanza: 5 − 2 × 1 ni 3. Iweke katika mstari wa pili: 5 − 8 − 6 ni −9. Kufungua mabano hakupaswi kubadilisha thamani, na hapa imebadilika. Kosa liko kati ya mistari hiyo miwili: −2 mara −3 ni +6. Akirekebisha anapata 11 − 2x = 1, yaani x = 5, na safari hii 5 − 2 × 2 ni 1.

Mbinu hiyo ya kupima kwa namba inafanya kazi popote mtajo, yaani fungu la namba na herufi kama 5 − 2(x − 3), unapoandikwa upya. Akidai kwamba (a + b)² ni a² + b², mpe a = 3 na b = 2. Mraba wa 5 ni 25. 9 jumlisha 4 ni 13. Mwonye tu asipime kwa 0 au 1, kwa sababu namba hizo huficha makosa.

Hatua ya 6: Namba hasi na mabano

Makosa mengi ya aljebra ya mwanzo yanakaa hapa, kwa hiyo usishangae mkirudi mara kwa mara. Inamsaidia mtoto kujua kwamba hakuanza yeye kusumbuka. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni za namba hasi mwaka 628, na bado katika karne ya 18 wako wasomi wa Ulaya waliozikataa.

Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mwandikie 2 × −3 = −6, 1 × −3 = −3, 0 × −3 = 0, kisha umuulize mpangilio unaendaje. Majibu yanapanda kwa tatutatu, kwa hiyo −1 × −3 lazima iwe 3.

Kwa mabano mawili chora mstatili. Kwa (x + 3)(x + 2), upande mmoja ugawe x na 3, mwingine x na 2. Ndani mnapata maeneo manne: x², 2x, 3x na 6, jumla x² + 5x + 6. Pimeni kwa x = 10: 13 × 12 ni 156, na 100 + 50 + 6 ni 156 vilevile.

Hatua ya 7: Maswali ya maneno

Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliiandika aljebra yake yote kwa maneno, bila x wala alama ya sawasawa. Herufi zilichelewa kuja kwa mamia ya miaka. Basi mtoto naye apewe ruhusa ya kuanza kwa maneno.

Chukua swali hili: Dada anamzidi mdogo wake miaka 4. Jumla ya umri wao ni 26. Kila mmoja ana miaka mingapi?

Asome mara ya kwanza bila penseli mkononi, kisha akusimulie. Halafu akisie. Tuseme mdogo ana 8. Dada atakuwa na 8 + 4, yaani 12. Jumla ni 8 + 12, inatoka 20. Haikufika 26, na haijalishi, kwani tulichokitaka ni ile njia aliyoitumia kukagua kisio lake. Sasa aandike ukaguzi huohuo, akiweka x kila palipokuwa na 8:

x + (x + 4) = 26

Mlinganyo umejiandika. Anatatua, anapata 11 na 15, anarudi kwenye hadithi, wala si kwenye mlinganyo tu, kuona kama tofauti ni 4 na jumla ni 26. Na kabla ya yote aandike sentensi kamili: "x ni umri wa mdogo kwa miaka." Akiandika "x ni mdogo" mrudishe, maana mtego wa hatua ya tatu unanyemelea.

Jinsi ya kukaa naye mezani

Penseli ibaki mkononi mwake. Ukiichukua "kumwonyesha kidogo tu", amejifunza kwamba mambo yakiwa magumu wewe ndiye unayefanya. Ukiuliza swali, nyamaza. Kimya cha mtoto anayefikiri kinaonekana kirefu kwa mzazi kuliko kwake. Muulize "umejuaje?" hata alipopata, la sivyo atajifunza kwamba swali hilo linamaanisha amekosa.

Vipindi vifupi vya kila siku vinafaa kuliko kikao kimoja kirefu. Katika kila zoezi changanya maswali mapya na ya wiki zilizopita, kwa sababu kurasa ishirini za aina moja zinamfundisha kuiga bila kuchagua njia. Akianza kulia au kukunja karatasi, punguza namba na uache muundo uleule: badala ya 0.35x + 1.2 = 4.7, mpe 2x + 1 = 7, kisha mrudi.

Kurasa za majibu mwachie, kwa sharti la kuzifungua baada ya kuhakiki. Programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote zitumike vivyo hivyo: kulinganisha njia baada ya kumaliza.

Kama wewe mwenyewe umesahau aljebra, soma sura moja mbele yake na ufanye mazoezi yote kwa penseli. Mkikutana na usilolijua, mwambie "tutafute wote", na umwache aone ukijaribu namba, ukikagua, ukirekebisha.

Mtajuaje kwamba ni wakati wa kusonga mbele

Mpe milinganyo mitano uliyoichanganya, mmoja ukiwa na mabano, mmoja na sehemu, mmoja na x pande zote mbili. Ondoka chumbani. Ukirudi usiangalie majibu. Muulize ni yapi ana hakika nayo na kwa nini. Akikuambia, "Haya manne nimeyarudisha yamekubali, huu mmoja haukubali na sijaona bado wapi," yuko tayari, ingawa mmoja haujapatikana. Akikuletea matano sahihi na bado anauliza kama ni sawa, bakini hatua ya 5 kwa wiki nyingine.

Kinachofuata ni milinganyo miwili kwa pamoja. Mwanzishie x + y = 10 na x − y = 4, umwache akisie kwanza. Atakapofika 7 na 3, atazirudisha katika mlinganyo wa kwanza na pia wa pili, kwani jozi ya 6 na 4 ingepita katika ule wa kwanza na kukwama katika wa pili.